Injini Iliyozikwa Matopeni: Kazi za Jadi katika Filamu za Hali Halisi za India

Mwanzoni mwa filamu ya My Name Is Salt, iliyoongozwa na Farida Pacha na kutoka mwaka 2013, familia moja inawasili katika tambarare tupu ya Rann Ndogo ya Kutch, jimboni Gujarat, na kuanza kuchimba matope makavu hadi inapofukua injini na mabomba yaliyozikwa hapo msimu uliopita. Hakuna msimulizi anayetuambia hao ni akina nani wala wanatafuta nini. Mimi ni mhariri wa filamu za hali halisi, na kila ninapowaonyesha wanafunzi wangu sehemu hiyo huwauliza kama wanachokitazama ni kazi ya jadi. Wengi husita, na kinachowasitisha ni ile injini.

Kwangu mimi, injini hiyo ndiyo kiini cha filamu nzima. Waagariya, jamii ambayo imevuna chumvi katika eneo hilo kwa karne nyingi, huhamia jangwani mvua za masika ya Kihindi zinapokwisha na kuishi huko takriban miezi 8. Huchimba visima, huvuta maji ya chini ya ardhi ambayo yana chumvi kali kuliko ya bahari, huyapitisha kutoka jaruba moja hadi jingine ili jua liyakaushe polepole, huku wakiikanyaga sakafu ya jaruba kwa miguu mpaka ishikane na kupitisha reki za mbao juu ya chembe zinazoanza kuganda. Ustadi wa kujua lini maji yameiva, na chembe ikue kwa kiasi gani ndipo iitwe nzuri, umerithiwa. Dizeli haikurithiwa. Inanunuliwa, mara nyingi kwa pesa ambazo mfanyabiashara huzikopesha mwanzoni mwa msimu na kuzikata katika malipo ya chumvi ileile mwishoni. Kwa hiyo mtazamaji anayeusikiliza mdundo wa injini ile mchana na usiku anasikiliza pia deni likiongezeka, ingawa hakuna mtu aliyemtajia hesabu yoyote.

(Wasomaji wa Unguja na Mombasa wanaijua Kutch kwa jina la Kachi, maana wafanyabiashara wengi waliohamia pwani yetu katika karne ya 19 walitoka huko, hasa katika bandari ya Mandvi. Kachi ya wavuna chumvi hatukuizoea.)

Ukimya wa filamu hii unaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka ulikotoka utamaduni wa filamu za aina hii nchini India. Mwaka 1948 serikali iliunda Films Division, na kwa miongo mingi kumbi za sinema zililazimika kuonyesha filamu zake fupi kabla ya filamu kuu. Mara nyingi ndani yake mfumaji, mvuvi au mkulima alionekana akifanya kazi, lakini aliyezungumza alikuwa msimulizi, kwa sauti nzito ya mtu wa ofisini anayejua taifa linaelekea wapi. Sisemi zote zilikuwa mbaya. Nyingine zilipigwa kwa ufundi mkubwa. Hata hivyo, msimulizi wa namna hiyo huigeuza kazi ya jadi kuwa jambo la jana linalongoja kuondolewa, na hapo mtazamaji hawezi kuona kwamba anayefanya kazi ile naye anapiga mahesabu ya kesho.

Filamu ya Pacha ina upungufu wake. Uzuri wa picha zake unaweza kumfanya mtu asahau kuuliza ardhi ile ni ya nani, na swali hilo lina uzito. Mwaka 1930 Gandhi alitembea takriban kilomita 385 hadi Dandi, katika eneo hilihili la Gujarat, kupinga kodi na ukiritimba wa chumvi wa Waingereza. Mwaka 1973, India ikiwa huru, Rann Ndogo ilitangazwa kuwa hifadhi ya punda mwitu, na Waagariya wakabaki wakivuna katika ardhi ambayo hawana hati nayo.

Maji nayo yana historia yake. Katika A Narmada Diary ya mwaka 1995, Anand Patwardhan na Simantini Dhuru waliwafuata wanavijiji wa bonde la Narmada wakipinga bwawa la Sardar Sarovar lililokuwa likiwanyang'anya mashamba. Leo mifereji ya bwawa hilohilo huleta maji katika maeneo makavu ya Gujarat, na yanapomwagika hadi Rann Ndogo msimu wa kuvuna ukiwa haujaisha, maji baridi huyeyusha chumvi iliyokwisha kuganda. Ndiyo maana napenda filamu hizi mbili zitazamwe siku moja, ya Narmada ikitangulia.

Nikibakiwa na muda huongeza Machines ya Rahul Jain, ya mwaka 2016, iliyopigwa ndani ya kiwanda cha nguo jimboni humohumo, ambako wengi wa wafanyakazi wametoka vijiji vya mbali. Karibu na mwisho wanaizunguka kamera na kumuuliza mwenye kuwapiga picha atawafanyia nini, au naye ataondoka tu kama waliomtangulia. Jain hakuikata sehemu hiyo, na ningekuwa mhariri wake ningeitetea ibaki.

Tangu My Name Is Salt ipigwe, pampu za umeme wa jua zimeenea kwa Waagariya wengi, nyingine kwa ruzuku ya serikali na nyingine kwa mikopo. Matumizi ya dizeli yamepungua, na mdundo ulioibeba filamu ile kuanzia mwanzo hadi mwisho umeanza kutoweka jangwani. Atakayekwenda kupiga filamu huko sasa atalazimika kutafuta sauti nyingine ya kuonyesha deni.