Jina la Margaret Halikupotea

Barua pepe iliyonifikia Jumatatu ilikuwa na sentensi ambayo sasa ninaijua kwa ghibu: mama wa bibi yangu aliolewa Dundee, Uskoti, kwa hiyo jina la kwao limepotea. Halikupotea. Mwenye barua amesoma miongozo ya nasaba za Waingereza, akadhani Waskoti nao walifuata utaratibu huo huo wa mke kuacha jina la kwao. Si wa kwanza, wala sioni dalili kwamba atakuwa wa mwisho.

Katika Uskoti ya karne ya 19, mke alibaki kisheria na ubini aliozaliwa nao, na jina la mume lilikuwa nyongeza tu. Aliyekua akiwasikia wanawake wakiitwa binti fulani hadi uzeeni hahitaji maelezo marefu. Hati za mahakama zilimwandika mke kwa jina la kwao, kisha neno "au", kisha jina la mumewe. Tangu usajili wa serikali ulipoanza tarehe 1 Januari 1855, cheti chake cha ndoa na kile cha kifo hutaja baba na mama, pamoja na ubini wa mama huyo kabla ya kuolewa, ilhali cheti cha kifo cha Uingereza cha wakati huo hakiwataji kabisa wazazi wa marehemu mtu mzima. Anayelalamika kwamba wanawake wa Uskoti hawafuatiliki analia njaa karamuni.

Sensa nitaipitia upesi. Makarani wa 1841 waliagizwa kuushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi fungu la miaka mitano, na parokia ya kuzaliwa inaanza kutajwa mwaka 1851. Itumieni kupapasia njia, basi.

Wanaoniudhi zaidi ni wale ambao, wakishaelezwa hayo yote, hukishika cheti cha kifo kama msahafu. Cheti hicho hubeba maneno ya mtoa taarifa, na marehemu, ambaye ndiye angeweza kumsahihisha, hayupo. Nimchukue Margaret, mfumaji katika kiwanda cha juti, ambaye nyaraka zake nimekaa nazo mezani majira yote ya baridi. Aliyekwenda kusajili kifo chake ni mkwewe, mume wa bintiye. Kando ya alama ya X aliyotia badala ya sahihi, msajili ameongeza kwamba hakuwepo Margaret alipokata roho. Mkwe huyo alipoulizwa mama wa marehemu ni nani, alitaja ubini wa mama wa mume wa Margaret, labda kwa kuwa ndiye bibi pekee aliyewahi kumsikia akizungumzwa nyumbani. Cheti cha ndoa, ambacho taarifa zake alizitoa Margaret mwenyewe, kinamtaja mama aitwaye Jessie, mwenye ubini mwingine kabisa. Mimi namwamini bibi harusi kuliko mkwe.

Hapo huna budi kurudi kwenye rejista za kale za kanisa, za kabla ya 1855, nazo zina matundu. Mwaka 1783 serikali ilitoza ushuru wa peni 3 kwa kila tukio lililoandikwa, ikaufuta mwaka 1794, na katika muda huo wazazi wengi waliona heri wasiandikishe. Kisha mwaka 1843 zaidi ya theluthi ya wachungaji walijitoa katika Kanisa la Uskoti, na watoto waliowabatiza baada ya hapo hawamo humo.

Margaret nimewapata wawili, wenye baba wa jina moja. Umri wa wa kwanza unalingana na cheti cha ndoa, lakini karani hakuona haja ya kumtaja mama. Wa pili mama yake ni Janet, na Jessie ni jina la kudekeza la Janet, ila huyu angekuwa na miaka minne zaidi ya ile iliyotajwa siku ya harusi. Ubini wa Janet umetofautiana na ule wa cheti kwa herufi mbili, jambo lisilonisumbua hata kidogo, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia. Binti wa kwanza wa Margaret aliitwa Janet, na desturi ilikuwa binti wa kwanza kupewa jina la bibi mzaa mama. Nimemchagua wa pili, lakini kwenye mti wa ukoo nimemchora kwa penseli, kwa kuwa desturi si sheria, na katika parokia ile akina Janet walijaa utitiri.

Kazi iliyobaki ni kumuua yule wa kwanza, kama tusemavyo sisi wa kazi hii, yaani kumtafuta kama alizikwa akiwa mtoto au aliolewa na mtu mwingine. Rejista ya maziko ya parokia hiyo ina kurasa 11.