Traki 40 kwenye skrini ya inchi 14: ninavyozipanga ndani ya REAPER

Maprodyuza wanaoanza kutumia REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri muziki kwenye kompyuta, hawaniulizi sana habari za kompresa wala riverbu, yaani zana za kurekebisha sauti. Wanauliza hivi: "Kaka, traki zimejazana, nitazionaje zote?" Traki ni mstari mmoja wa sauti iliyorekodiwa, kama gitaa au mwimbaji mmoja. Jibu langu ni kwamba huna haja ya kuziona zote. Unachotakiwa kuona ni kile unachokifanyia kazi sasa hivi.

Chukua kazi ya kwaya. Ngoma peke yake zinakula traki nane. Weka gitaa la solo, la rizimu, la besi, vinanda viwili, halafu waimbaji wa sauti ya kwanza hadi ya nne, na kila kundi limerekodiwa zaidi ya mara moja. Zikibaki na urefu sawa kwenye laptop ndogo, hakuna hata moja unayoiona vizuri. Kufuta mlio wa pumzi ya mwimbaji katikati ya maneno mawili hapo ni kubahatisha.

Gurudumu la mausi likizungushwa peke yake linakuza wimbo kwa upana. Ukishikilia Ctrl, traki zote zinaongezeka au kupungua urefu kwa pamoja. Wengi wanaishia hapo, ndiyo maana wanachoka: kila wakikuza sauti ya tatu, ngoma nazo zinavimba. Kubadilisha traki moja, shika ukingo wa chini wa paneli yake, kile kisanduku cha kushoto chenye jina la traki, uvute. Kisha bofya kitufe cha kulia juu ya paneli hiyo, chagua Lock track height. Kuanzia hapo hata uzungushe Ctrl na gurudumu namna gani, hiyo haiguswi. Mimi huifunga traki ya mwongozo, ile ya kuwaongoza waimbaji tu, ikiwa nyembamba kabisa, maana kazi yake ni kusikika tu.

Folda ndizo zinazookoa nafasi zaidi. Sauti ya kwanza yote naiweka ndani ya folda moja. Nikimaliza kuihariri, naikunja. Faida nyingine ni kwamba sauti za traki za ndani zinapitia kwenye folda, kwa hiyo ikwalaiza (ya kurekebisha besi na sauti kali) moja juu yake inazishika zote. Rangi nazo zinasaidia, ila chagua chache. Nimeona projekti zenye rangi kama duka la vitenge, na mwenyewe hakumbuki ipi ni ya nini.

Sasa kuna dirisha la Track Manager, lipo kwenye menyu ya View, na wengi hawajawahi kulifungua. Lina safu mbili muhimu: TCP, yaani paneli za kushoto unapohariri, na MCP, yaani mikisa, sehemu ya kusawazisha ukubwa wa sauti za traki. Unaweza kuificha traki upande mmoja ikabaki upande wa pili. Ngoma zikishahaririwa nazitoa TCP, naziacha kwenye mikisa kwa ajili ya kusawazisha. Lakini traki iliyofichwa haijazimwa. Inapiga, na itaingia kwenye wimbo utakaoutoa. Ukisikia shekere usiyoiona popote, anza kuitafuta humo.

La mwisho ni mawimbi yenyewe, yaani michoro ya sauti ndani ya traki. Shift na mshale wa juu yanakuza mchoro wa wimbi. Shift na mshale wa chini yanaupunguza. Sauti haibadiliki hata desibeli moja. Hii ni nzuri mno ukitafuta mwanzo wa neno lililoimbwa taratibu, ila ukisahau kuirudisha, kila traki itaonekana imepasuka, kama sauti imezidi kipimo, wakati mita ya sauti inasoma kawaida. Na kinyume chake kipo: msanii anakaa pembeni yako, anaona wimbi lake dogo, anadai "sauti yangu mbona umeishusha?" hata kabla hujabonyeza kupiga. Siku hizi msanii akija kusikiliza miksi, nabonyeza Ctrl+M kufungua mikisa, naitanua ifunike mawimbi yote, ndipo napiga.