Masikio ya Kunyanyulia Mitambo: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Jenereta linaloshushwa katika bandari ya Malindi, Unguja, au tangi la chuma linalopelekwa Mkoani, Pemba, huning'inia kwenye kreni kwa vipande vichache vya bamba vilivyotobolewa na kuchomelewa kwenye fremu. Masikio hayo mara nyingi hutengenezwa mwishoni mwa kazi, kwa mabaki ya bamba, na kwa imani ambazo hesabu haiziungi mkono.

Imani iliyoenea zaidi ni kwamba uzito hugawanywa kwa idadi ya masikio, hivyo mtambo wa tani 8 wenye masikio 4 utabebesha kila sikio tani 2. Ukweli ni kwamba minyororo minne hailingani urefu kikamilifu, na mtambo usiopinda unaweza kubebwa na minyororo 2 tu iliyo kwenye pembe zinazotazamana, huku mingine ikisaidia kuusawazisha. Kwa hiyo msanifu mwangalifu huanza na tani 4 kwa sikio, na hapo mnyororo bado haujainama. Ukiwa na nyuzi 60 kutoka mlalo, mvutano wake hufika tani 4.6, kwa nyuzi 45, tani 5.7, kwa nyuzi 30, tani 8 kamili, yaani sikio moja linavutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa mtambo mzima. Anayefupisha minyororo kwa sababu kreni imekosa kimo huyazidishia masikio mzigo ingawa mtambo haukuongezeka hata kilo moja.

Wengine hudhani kuwa bamba likiwa nene, yamekwisha. Bamba la upana wa milimita 120 na unene wa 20 hukinza kupinda mara 6 zaidi linapovutwa kufuata upana wake kuliko linapovutwa kwa upande wa ubapa. Hata hivyo sikio huchomelewa sambamba na ukingo wa fremu kwa kuwa ndivyo linavyopendeza, ilhali mnyororo unalivuta kwa mshazari kuelekea ndoano iliyo katikati. Sikio la namna hiyo hukunjika na mshono wake wa kuchomelea huanza kupasuka upande mmoja. Lielekezwe kwenye ndoano. Tundu nalo litobolewe kwa drili, si kwa gesi inayoacha meno ambamo ufa huanzia, na lizidi pini ya shakeli, yaani pingu ya chuma inayounganisha mnyororo na sikio, kwa milimita chache tu. Chuma kilichobaki kati ya tundu na ukingo kikokotolewe pia, kwani hapo ndipo bamba huchanika.

Kuhusu nondo iliyokunjwa na kuchomelewa iwe sikio, jibu ni fupi: isitumike. Nondo nyingi za ujenzi hazikukusudiwa kuchomelewa, na kando ya mshono huwa ngumu kiasi cha kukatika ghafla bila kupinda kwanza.

Dhana inayonitia hofu kuliko zote ni kuwa mshono unaong'aa ni mshono madhubuti. Hewa ya visiwa vyetu ina unyevu mwingi, na vijiti vya kuchomelea vya E7018, vilivyoundwa kuingiza haidrojeni kidogo, vikiachwa wazi usiku kucha katika karakana iliyo karibu na bahari huunyonya. Unyevu huo huingiza haidrojeni katika chuma kilichoyeyuka, na ufa wake unaweza kutokea saa nyingi baada ya mshono kupoa, tena chini ya uso, pasipoonekana kwa macho. Ndiyo maana vijiti hivyo hutunzwa ndani ya oveni yenye joto lisilopungua nyuzi 120 za Selsiasi, vilivyopata unyevu hupikwa upya kwa nyuzi 260 hadi 430 kwa saa 2 au zaidi, na vyuma vinavyopasuka kwa urahisi husubiriwa saa 48 kabla ya kupimwa kwa unga wa sumaku au kwa mawimbi ya sauti. Vijiti vya E6013, vinavyofaa sana kwa mageti na madirisha, havikuundwa kuzuia haidrojeni.

Hatimaye wapo wanaosema kuwa sikio lililokwisha kunyanyua mtambo mara moja likasalimika halihitaji tena kutazamwa. Chombo kinapoyumba gatini, mvuto wa ghafla huweza kuzidi uzito wenyewe na kuacha ufa mdogo, na chumvi hula bamba mwaka baada ya mwaka. Rangi ikwanguliwe, mshono ukaguliwe kabla ya kila safari, na sikio lililopungua kwa kutu likokotolewe upya kwa unene uliobaki, au likatwe na kuwekwa jingine kabla mtambo haujarudishwa kwenye ndoano.