Wigo wa kodi: fremu ikifungwa Ngamiani, Tanga, mwenye nyumba anaguswa vipi?

Kila bajeti ya halmashauri ikijadiliwa, neno "wigo wa kodi" halikosi mdomoni mwa madiwani. Maana yake ni jumla ya vitu vyote ambavyo serikali inaweza kuvitoza: nyumba, mauzo ya maduka, leseni, meza za sokoni, vibali. Kiwango cha kodi ni habari nyingine. Kiwango kinaweza kubaki palepale huku wigo ukisinyaa, na hapo ndipo watu wanapoanza kuumia bila kuelewa wameumizwa na nini.

Tuanze na Marekani, kwa sababu huko maumivu yanaonekana kwenye bili. Miji mingi inategemea kodi ya mali inayokwenda na thamani ya jengo. Chukua hesabu ya mfano: mji unahitaji dola milioni 10, na majengo yake yote yana thamani ya dola milioni 1,000. Kiwango ni asilimia 1, kwa hiyo nyumba ya dola 200,000 inalipa 2,000. Sasa jumba la maduka la dola milioni 200 likimbiwe na wateja, thamani ishuke hadi milioni 50. Mji bado unataka milioni 10 zake, ila wigo umebaki milioni 850. Nyumba ileile sasa inadaiwa kama dola 2,353, wala haijaongezwa hata chumba. Ni kama kamati ya harusi: mfadhili mkubwa akijitoa na bajeti isipunguzwe, simu za kuomba nyongeza zitakujia wewe.

Kuna majimbo yaliyoweka breki. California tangu 1978 imefunga kodi ya msingi kwenye asilimia 1 ya thamani ya jengo. Kwingine, kama Michigan, maduka makubwa yamekwenda kubishana kwamba jengo lao lithaminiwe kana kwamba ni tupu, ingawa ndani biashara inaendelea. Ujanja huo nao mwenye nyumba ndiye anayeuzibia pengo.

Tanga mambo hayaendi hivyo. Kodi ya majengo iliondolewa mikononi mwa halmashauri mwaka 2016 ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kuanzia Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa hutozwa kwa kila sakafu. Thamani haiangaliwi: nyumba ya Makorora na ya Raskazone, zote za chini, zinakatwa sawasawa. (Usiichanganye na kodi ya ardhi. Hiyo ni ya kiwanja, na inakwenda wizara ya ardhi.) Mpangaji anayenunua umeme anajikuta amelipa yeye deni la mwenye nyumba, na ugomvi huo haujaisha uani kwetu mpaka leo.

Kwa hiyo fremu kumi zikifungwa barabara moja, makato yako ya LUKU hayapandi. Wengi huishia hapo na kusema halituhusu. Mimi naona linatuhusu sana.

Mbali na ruzuku ya serikali kuu, halmashauri inategemea mapato ya ndani, yaani yale inayokusanya yenyewe, na ushuru wa huduma ni nguzo yake mojawapo. Kwa miaka mingi umetozwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa kiwango hicho, duka linalouza milioni 200 kwa mwaka huchangia 600,000, sawa na kodi ya majengo ya nyumba 33 za chini. Likifunga, hela hiyo imekwenda, na leseni nayo imekwenda. Pengine mwenye duka hajaacha biashara, ametandika turubai nje kwa kitambulisho cha machinga, kile cha 20,000 kilichoanza kutolewa Desemba 2018. Wateja ni walewale na bidhaa ni zilezile, ila ushuru wa huduma haupo tena.

Tanga inaujua mchezo huu tangu mkonge ulipoanguka bei mbele ya nailoni na mishahara ya mashambani ikaacha kumwagika Ngamiani. Mabasi ya mikoani yalipohamia stendi ya Kange, waliokuwa wakiuza kwa abiria wa stendi ya zamani nao wakapoteza wateja. Na wenye nyumba wengi wa Ngamiani wamegeuza chumba cha mbele kuwa fremu, kwa hiyo biashara ikilala wanapoteza kodi ya pango kabla hata halmashauri haijahisi chochote.

Pengo linalipwaje basi? Linalipwa kwa gari la taka linalochelewa na mtaro usiozibuliwa kabla ya masika. Hata ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu hupungua, maana inahesabiwa kutoka mapato ya ndani. Diwani hawezi kugusa ile 1,500, hiyo inapangwa Dodoma. Anachoweza kugusa ni sheria ndogo: ada ya taka, kibali cha ujenzi. Huko ndiko mkono wa halmashauri unakokwenda mfuko ukiwa mwepesi, na wewe unalipa bila kuambiwa kwamba unafidia duka lililofungwa.

Siku diwani akija kwenye mkutano wa mtaa, mwulize hivi: ushuru wa huduma uliingiza kiasi gani mwaka juzi, kiasi gani mwaka huu, na tofauti imefidiwa kwa ada ipi.