Si Kweli Kwamba Fundi Akishaiva Amemaliza Kusoma

Ukikaa gereji za mtaani Tanzania utasikia: "Kazi hii nina miaka 20, VETA watanifundisha nini?" Wengi huamini mafunzo ya ufundi, kama yanayotolewa na VETA, mamlaka ya serikali ya ufundi stadi, ni ya vijana waliokosa kidato cha tano, na mtu akishashika kazi basi. Si kweli, na imani hiyo inatugharimu.

Tazama gari lenyewe. Fundi aliyejifunzia kwenye kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya hewa na petroli, alisikiliza muungurumo, akachukua bisibisi, akarekebisha hewa na petroli mpaka injini ikatulia. Magari mengi ya leo yanapima petroli kwa kompyuta. Sensa ya oksijeni, inayopima moshi na kuiarifu kompyuta hiyo, ikifa, taa ya injini inawaka na gari linakunywa mafuta. Asiyejua kulipima kwa mashine anabahatisha: plagi mpya, kisha pampu, kisha nozeli. Mteja amelipia vipuri vitatu, na tatizo liko palepale. Vipuri hivyo vimeagizwa nje kwa fedha za kigeni. Zidisha hasara hiyo kwa daladala na malori ya nchi nzima.

Na ile miaka 20 haitupwi, jambo ambalo mafundi wengi hawajaambiwa. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: fundi anapimwa kwa kazi yake, anaongezewa anachopungukiwa, anapata cheti. Wazo si geni kwetu. Mwaka 1970 Tanzania iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na waliolengwa walikuwa watu wenye kazi na familia zao.