Umelala usiku kucha, umeamka umechoka: maswali ya wenye kazi nyingi Tanga

Jioni tunapopima presha hapa Ngamiani, kwenye kiti hukaa mawakala wa forodha waliotoka bandarini, walimu, wahasibu, wauguzi waliomaliza zamu. Wanakuja kwa ajili ya presha, lakini maswali yao mengi ni ya kuchoka. Nimeyakusanya yanayorudiwa zaidi.

Shikamoo dokta. Nalala usiku kucha, naamka nimechoka vilevile. Naumwa nini?

Marahaba. Kwanza tuhakikishe si ugonjwa. Upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, ujauzito na sonona vyote huleta uchovu, na vingi kati ya hivyo vina kipimo. Usijiambie "ni kazi tu" kabla hujapima.

Vipimo vikitoka vizuri, ndipo tuiangalie kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchakaa inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Hawakuiita ugonjwa, ila walitaja alama zake tatu: nguvu zimekwisha, kazi imekutoka moyoni, hata mteja akiingia unamwona kero, na unajiona huna unachokifanya kikafaa. Dada mmoja wakala wa forodha aliniambia alisoma namba ya kontena mara nne, na kila alipoinua macho kuiandika tarakimu zilishamtoka. Miaka kumi na moja kazini, hajawahi kukosea namba. Alilia pale pale kwenye kiti, na presha yake ilisoma 158/96.

Lakini kazi haiui, dokta. Wazee wetu walikata mkonge na wakaishi.

Kazi ya mkonge ilikuwa ngumu mno, siidharau. Lakini jua likizama panga liliwekwa chini, wala hapakuwa na mtu wa kumfuata mzee kitandani na mkonge wa kesho. Leo simu inakufuata mpaka chini ya chandarua.

Na kazi inaua, kaka yangu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu: mwaka 2016 watu wapatao 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi kwao ilizidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Unaona 55 ni nyingi? Ingia saa moja na nusu asubuhi, toka saa moja na nusu usiku, siku tano, toa saa moja ya chakula kila siku. Umeshafika.

Bosi ananitumia kazi usiku. Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Kazi ya ziada ni ya makubaliano, haizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Kuna pia saa 12 za mapumziko mfululizo kila siku na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Wenye vyeo vya uongozi wamewekwa nje ya masharti ya saa za kazi, nao ndio ninaowaona wameumia zaidi.

Sikushauri uanze kwa kumsomea bosi vifungu. Mwambie mchana, kwa utulivu: "Mkuu, ikiwa dharura nipigie. Mengine niandikie, nitayakuta asubuhi." Mabosi wengi hawajui kwamba ujumbe wao wa saa nne usiku umemkalisha mtu kitandani.

Navumilia kwa vinywaji vya kuongeza nguvu.

Vinakuficha usingizi, havikuongezei nguvu. Ukinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Barazani nenda, mazungumzo yanatibu, ila kahawa ya usiku waachie wenzako. Mirungi usiiguse, inapandisha presha.

Nina ajira, nina duka, nina watoto, mama anaumwa. Nipumzike saa ngapi?

Swali hili huniuma, kwa sababu anayeuliza amebeba kweli. Sitakwambia uongeze "muda wa kupumzika" juu ya mzigo huo. Lazima kitu kitoke.

Chukua daftari, andika wiki yako kama ilivyo, saa kwa saa. Yule dada wakala alipoandika, aligundua kwamba anaweka hesabu za vikoba vitatu, kila Jumamosi asubuhi. Hakuna aliyemlazimisha, alikuwa tu hajawahi kukataa. Vikoba viwili akavikabidhi. Kuhusu mama yake, aliwaita ndugu zake, wakagawana siku za kumpeleka kliniki. Simu sasa inalala sebuleni kwenye chaja kuanzia saa tatu, na jioni tatu kwa wiki anatembea kuelekea Raskazone na jirani yake.

Lini nisisubiri?

Kifua kikibana, mdomo ukipinda, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, maneno yakikataa kutoka: nenda Bombo au hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo. Usilale kwanza. Ukianza kuwaza kwamba bora ufe, mwambie mtu leo na akusindikize hospitali. Presha ikisoma 140/90 au zaidi siku tofauti, njoo tuanze matibabu.

Nikichukua likizo nitapona?

Likizo inasaidia, lakini ukirudi kwenye mzigo uleule, uchovu nao unarudi. Yule dada hajachukua likizo bado. Jumanne alikuja, presha ilisoma 142/88. Bado iko juu, na dawa anaendelea nazo. Aliniambia amelala mpaka adhana ya alfajiri, bila kuamka kutazama kama meli imetia nanga.