"Dokta, damu yangu ni 8, ninywe nini?" Maswali kuhusu karatasi ya kipimo cha damu

Natibu wagonjwa katika kituo cha afya huku pwani. Haipiti wiki bila mtu kufungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne na kuniuliza: "Dokta, wameniambia damu imepungua, ninywe nini?" Hilo "ninywe nini" ndilo lililonikalisha chini kuandika. Swali linalotakiwa ni jingine: damu yangu inakwenda wapi?

Karatasi ina namba nyingi. Nianze na ipi?

Anza na Hb. Hiyo ni hemoglobini, kile kitu chekundu kilichomo ndani ya chembe nyekundu za damu, kinachobeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuisambaza mwilini. Inapimwa kwa gramu katika kila desilita ya damu, yaani sehemu ya kumi ya lita. Kwa hiyo "damu 8" si lita nane, wala si chupa nane. Wazee wangu bado wanataja asilimia, kwa sababu zamani ilisomwa hivyo. Siku hizi ukiambiwa 60 kwenye mstari wa Hb, rudi maabara ukaulize.

Ya kwangu ni 10.2. Ni nyingi au kidogo?

Inategemea wewe ni nani. Mwanamume anatakiwa asiwe chini ya 13, na mwanamke asiye na mimba asiwe chini ya 12. Mjamzito ni 11, na katika miezi mitatu ya katikati 10.5 inakubalika kwa sababu maji ya damu huongezeka. Watoto wa chini ya miaka mitano wako karibu na 11. Kwa hiyo 10.2 kwa mama mwenye mimba ya miezi mitano ni upungufu mdogo, lakini kwa baba wa miaka 55 ni habari ya kumkalisha chini aulizwe maswali. Nitarudi kwa baba wa namna hiyo.

RBC na HCT je?

RBC ni idadi ya chembe nyekundu. HCT ni sehemu ya damu iliyojazwa na chembe hizo, kwa asilimia, na kwa kawaida inakaribia Hb mara tatu: Hb 10, HCT 30 hivi. Zikipishana sana, mimi huomba kipimo kirudiwe kabla sijamtisha mtu.

Na MCV? Mbona hakuna anayetueleza hii?

Ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu wanaoiruka. MCV ni ukubwa wa chembe nyekundu. Kawaida ni kati ya 80 na 100. Hb inakwambia damu imepungua. MCV inaanza kukunong'oneza kwa nini.

Ikiwa chini ya 80, chembe ni ndogo. Kwa wagonjwa wangu, mara nyingi maana yake ni kwamba madini ya chuma yamekwisha mwilini, na chuma hakiishi kwa siku mbili. Kuna kitu kimekuwa kikikimaliza kidogokidogo kwa miezi. Ikizidi 100, nauliza habari za pombe, ulaji duni wa mboga za majani, na dawa anazotumia. Zidovudini, dawa ya VVU, kwa mfano, hukuza chembe. Hb ikiwa chini lakini MCV iko sawa, nafikiria malaria inayovunja chembe, damu iliyotoka ghafla, au ugonjwa wa muda mrefu kama wa figo.

Karibu nayo utaona RDW, yaani chembe zinatofautiana kiasi gani kwa ukubwa. Ikiwa ndani ya kiwango, ni kama dagaa wa wavu mmoja, wote sawa. Ikipanda, wavu umeleta dagaa, changu na vibua pamoja. MCV ndogo na RDW kubwa zikikutana, nashuku upungufu wa chuma kwanza.

Basi nikinywa juisi ya rosela na bitiruti, damu itarudi?

Hapana.

Najua jirani alikunywa akapona. Najua rangi yake. Lakini wekundu wa rosela si damu, na wekundu wa bitiruti haugeuki kuwa damu. Unaishia chooni, ndiyo maana mkojo unabadilika rangi na watu wanafurahi. Gramu 100 za bitiruti hazina hata miligramu 1 ya chuma, na mwili unafyonza sehemu ndogo tu ya hiyo. Kidonge kimoja cha chuma cha miligramu 200 kina takriban miligramu 60 za chuma chenyewe. Kunywa juisi kwa sababu ni tamu. Usiinywe badala ya matibabu, na usiinywe huku ukisubiri kuona kama "itapanda yenyewe".

Nimeelewa. Ninunue dawa ya kuongeza damu duka la dawa?

Na hilo pia hapana, kabla hujajua damu inakwenda wapi.

Sasa narudi kwa baba wa namna ile niliyoitaja. Mvuvi, miaka hamsini na kitu, alimaliza chupa tatu za dawa ya maji ya kuongeza damu kwa miezi minne. Alipofika kwangu Hb ilikuwa 7.2, MCV 66. Mgongo ulikuwa unamsumbua, akawa anameza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuchubua tumbo, asubuhi na jioni, mara nyingi tumbo tupu kwa sababu huko baharini hakuna cha kula. Choo cheusi alikiona. Aliambiwa dukani ni rangi ya dawa, na kweli dawa ya chuma hufanya choo kiwe cheusi. Lakini choo chake kilikuwa kinanata kama lami na kina harufu kali, na kilianza kabla ya chupa ya kwanza. Tumbo lilikuwa na kidonda kinachovuja damu. Miezi minne alikuwa anajaza kwa kijiko huku akimwaga kwa kikombe, na anayemuuzia kijiko hakuuliza swali hata moja.

Mwanamume haoni hedhi. Mwanamke aliyekoma hedhi vilevile. Mmoja wao akiwa na Hb ya chini na MCV ndogo, mimi nachukulia kwamba anavuja damu tumboni au kwenye utumbo mpaka vipimo vionyeshe vinginevyo. Inaweza kuwa kidonda, inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa saratani ya utumbo ambayo ikiwahiwa inatibika. Chupa ya dawa ya maji haitibu chochote kati ya hivyo. Inakupa nguvu kidogo ya kuendelea kuchelewa.

Hedhi yangu ni nyingi, lakini ni ya ukoo wetu. Mama naye alikuwa hivyo.

Basi mama naye pengine alikuwa na upungufu wa damu, na hakuna aliyempima.

Nisamehe kwa ukali, ila jibu hili nalisikia kila siku. Kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, kutoa mabonge, kupitisha siku saba, kulala na kanga mbili chini kwa kuogopa kuchafua godoro: hiyo si kawaida, hata kama dada zako wote wako hivyo. Piga hesabu. Chakula cha siku nzima huuingizia mwili miligramu 1 hadi 2 za chuma, na kiasi kama hicho kinatumika kila siku hata bila hedhi. Anayepoteza mililita 80 za damu katika hedhi moja anaweza kupoteza miligramu 40 za chuma. Fanya hivyo mwezi hadi mwezi, hesabu haifungi. Unahitaji kupimwa, pamoja na picha ya kizazi kuangalia kama kuna uvimbe, na kupewa dawa ya kupunguza hedhi yenyewe. Vidonge vya chuma peke yake vitakuwa vinakimbizana na damu inayotoka.

Mwanangu anakula udongo, na mimi nilipokuwa mjamzito nilikula udongo wa pemba. Ni minyoo?

Huenda ni dalili ya upungufu wenyewe. Mwili uliokosa chuma hutamani udongo, mkaa, mchele mbichi, barafu. Ukikuta mtoto analamba ukuta, usimchape, mpime. Udongo nao huweza kuzuia chuma kilichomo kwenye chakula, kwa hiyo mambo yanazidi kuharibika.

Minyoo ni suala jingine, na ina haki ya jina lake. Safura kwa wazee wetu ni ule ugonjwa wa kupauka na kuvimba uso, na minyoo ya safura huingia kwa kutoboa ngozi ya miguu peku, kisha hung'ata utumbo na kufyonza damu. Dawa yake ipo na ni rahisi. Ila usimpe mtoto dawa ya minyoo kisha ukakaa kusubiri wiki tatu huku viganja vyake ni vyeupe. Mlete.

Je, kama mtoto ana selimundu?

Usimpe dawa ya chuma kwa uamuzi wako. Damu yake inapungua kwa sababu chembe zinavunjika mapema, si lazima kwa kukosa chuma. Fuata kliniki yake.

FEFO, vile vidonge vya chuma na foliki asidi ninavyopewa kliniki ya wajawazito, zinanivuruga tumbo. Naweza kuacha?

Usiache, zungumza nasi. Nyuma ya kituo chetu, karibu na jalala, tunaokota pakiti za FEFO ambazo hazijafunguliwa. Akina mama wanazipokea dirishani kwa heshima, wanazitupa wakitoka getini, kisha tunakutana siku ya kujifungua na Hb 6, ndugu wanakimbizana kutafuta wa kuchangia damu usiku wa manane.

Zikikupa kichefuchefu, meza usiku kabla ya kulala, au na chakula kidogo. Zikizidi kukusumbua, tunaweza kubadilisha kiwango au mpangilio. Usizimeze na chai wala maziwa. Acha saa moja au mbili zipite. Maji ya chungwa au ndimu ni rafiki yake. Choo kuwa cheusi bila kunata hakina neno. Hb ikifika mahali pake baada ya wiki kadhaa, mtu aliyekuwa na upungufu bado anaendelea miezi mitatu mingine, maana ghala la chuma linajaa taratibu kuliko damu yenyewe.

Na ziweke juu, mbali na watoto. Vidonge vile vyekundu vinavyong'aa vinafanana na pipi, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Hb yangu ni 17. Hongera kwangu?

Si lazima. Kunywa maji, acha sigara, rudia kipimo. Kama unaishi Makete au Njombe, milima nayo huongeza. Ikibaki juu, muone daktari.

Ni wakati gani nisisubiri hata kidogo?

Mjamzito au mtoto mdogo mwenye Hb chini ya 7, mtu mzima mwingine chini ya 8. Lakini usingoje namba kama mwili umeshasema: kuhema ukiwa umekaa, moyo kwenda mbio bila kazi, kuzimia, mtoto anayepumua haraka au aliyekataa kunyonya, viganja na midomo vilivyopauka, choo kama lami, damu ya uzazi isiyokatika. Usisubiri Jumatatu. Usisubiri baba watoto arudi safari. Usisubiri juisi imalizike kwenye friji. Njoo leo, hata usiku.

Karatasi za zamani nitupe?

Zitunze zote. Mama mmoja alinipa mbili kutoka pindo lile lile la kanga. Ya kwanza Hb 8.9, MCV 74. Ya pili, miezi saba baadaye, Hb 6.1, MCV 62. Katikati ya hizo alikuwa amekunywa rosela kila jioni, na alipopanda ngazi tatu za kuingia chumbani kwangu alisimama mara mbili kuvuta pumzi. Ya pili peke yake ingenionyesha mgonjwa. Zote mbili zilinionyesha kwamba damu ilikuwa bado inatoka, na tulipotafuta tulikuta uvimbe kwenye kizazi. Kwa hiyo ukija, lete zote, hata ile iliyolowa mafuta ya kupikia na kufutika nusu.